Tuliomba Mji, Akatupa Barabara

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Alhamisi ya wiki iliyopita, simu yangu iliita nikiwa bado nimeshika mswaki. Aliyepiga ni mzee mmoja wa Mufindi, fundi mwashi mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa la kijijini kwao. Si mtu wa kupiga simu bila jambo. Hata hivyo alinisalimu kwa utaratibu wa watu wa kule, akauliza habari za Mbeya, za nyumbani, za baridi, na mimi nikajibu moja moja huku nikijua kwamba salamu ndefu za saa hiyo zinafunika kitu. Ndipo akasema, "Kaka, yule mama yetu wa ukutani ametutoka." Jumatano alikuwa ameamka salama, akatoa kiti chake nje kama kawaida yake, akakaa kungoja ukungu uondoke. Binti wa dada yake alipomletea chai, ukungu ulikuwa bado upo, yeye ameshaondoka. Mzee akamalizia, "Tunazika Jumamosi. Jeneza tutaliweka mbele, chini ya ukuta wake. Njoo mapema, watu watakuwa wengi."

Wasomaji wa safu hii hawamjui mzee huyo, kwa hiyo hawawezi kuhisi uzito wa maneno hayo mawili, ukuta wake. Yeye ndiye aliyewahi kununua ndoo ya rangi nyeupe kwa ajili ya kuufuta ukuta huo. Nitafika huko. Lakini inanibidi nianzie Mbeya, mtaani, kwa sababu bila mtaa ule ukuta huu usingekuwapo.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kutengeneza saa na redio Mwanjelwa, na marehemu alikuwa na kona yake upande wa pili wa barabara, kati ya bucha na fundi cherehani. Alikuwa mchoraji wa mabango. Kichwa cha mwanamume mwenye nywele zilizochongwa vizuri juu ya mlango wa kinyozi, ng'ombe mwenye afya juu ya bucha, sahani ya wali inayofuka moshi juu ya hoteli: vitu hivyo kuanzia Mwanjelwa hadi Mafiati vilikuwa vya mkono wake. Mtaa ulimwita mnyalukolo, kama wanavyoitwa watu wote wa Iringa wakifika Mbeya, na yeye aliitika bila kinyongo. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo iliwachosha wateja. Mtu akija kuagiza bango, hakushika burashi. Alikwenda kukaa ng'ambo ya duka la mteja tangu linapofunguliwa hadi jua la mchana, anatazama tu. Alitaka kujua wapita njia wanaangalia wapi. Fundi cherehani alipoagiza bango lake ilikuwa mwanzo wa mvua, na baada ya kutazama asubuhi mbili marehemu alimchorea gauni jekundu ukutani, chini kabisa, usawa wa magoti, pindo lake likikaribia kugusa ardhi. Fundi alikasirika. Akamuuliza, "Mnyalukolo, umenichorea bango la kuku?" Naye alimwambia angoje mvua. Mvua ikaja kama inavyokuja Mbeya, siku baada ya siku, na njia yetu ikawa tope tupu. Watu wote wakawa wanatembea wameinamisha vichwa, wanatafuta pa kukanyaga, na kila aliyeinamisha kichwa alikutana na gauni jekundu. Kufika Krismasi fundi alikuwa ameajiri msaidizi, na bango la kuku likawa jina la duka lake mpaka leo.

Hizo zilikuwa kazi za watu. Kazi zake mwenyewe alizichora kwenye mabango yaliyokufa. Duka likifungwa, mwenye nyumba akaling'oa bango la zamani, yeye alilichukua, akalipaka juu yake rangi moja, kisha akauchora mtaa. Alituambia kwamba rangi ya Mbeya si kijani kama wageni wanavyodhani wakiutazama mlima Loleza. Rangi ya Mbeya ni kijivu cha lami iliyolowa, na juu yake bluu ya maturubai ya wauza parachichi. Alichora taa za maroli yanayoelekea Tunduma zikivunjika vipande vipande kwenye madimbwi. Alichora mvuke wa sufuria za chai ukichanganyika na pumzi za watu wenye makoti. Na watu hao aliwachora wote wakiwa wamempa mgongo. Hakuna sura hata moja. Vijana wa bodaboda hawakumwacha apumzike kwa hilo. Mmoja wao alimuuliza siku moja mbele yetu sote, "Mama, mbona watu wako hawana sura? Wanadaiwa?" Marehemu hakuinua kichwa. "Hawa wanajua wanakokwenda," alisema. "Wewe ndiye unayekaa kijiweni toka asubuhi. Nikikuchora wewe nitachora sura." Kijana alichekwa wiki nzima. Mimi nilimuuliza jambo hilo hilo kwa adabu zaidi, akanijibu kwa adabu pia: mtu akikutazama anatengeneza uso wake, lakini hakuna anayeweza kutengeneza mgongo. Na kweli, kwenye picha zile niliweza kumtambua mama muuza maandazi kwa namna bega lake la kulia lilivyokuwa juu kwa ajili ya beseni, hata siku ambazo hakubeba beseni.

Halafu zikaja mashine za kuchapisha mabango. Sina ugomvi nazo. Ni za haraka, na herufi zake hazipindi. Lakini nadhani hata mpenda mashine atakubali kwamba mitaa yetu imeanza kufanana kama mayai. Kinyozi wa Mwanjelwa siku hizi ana picha ya mtu wa ughaibuni ambaye hajawahi kunyolewa Mbeya, na kinyozi wa Soweto, hapo hapo Mbeya, ana mtu yule yule, na ukishuka Makambako utamkuta anakusubiri. Saa na redio nazo zilikuwa zimeingia ndani ya simu, kwa hiyo mimi na marehemu tulikuwa na muda mwingi wa kutazamana kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Siku moja mwenye hoteli alimwita, akamwomba apigilie bango jipya la mashine juu ya ile sahani ya wali aliyomchorea miaka mingi nyuma, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na ngazi. Alipigilia. Nilimwona akirudi nyuma hadi katikati ya barabara kuhakikisha limenyooka. Akapanda tena akarekebisha kona moja. Aliposhuka alikuja kibandani kwangu akaniambia kwamba anahama, anakwenda kijijini kwa mama yake, huko Mufindi, mbele ya Igowole.

Mtaa ulisema mashine imemshinda. Sisi Watanzania tunalitamka neno "amerudi kijijini" kwa sauti ile ile tunayotumia kwa mtoto aliyefeli mtihani, na hatujiulizi kwa nini. Mwenye bucha, ambaye alimpenda, ndiye aliyesema vizuri kuliko wote: "Mkataa kwao ni mtumwa. Lakini anayerudi kwao kabla hajazeeka naye ana lake jambo." Marehemu alicheka, akaanza kugawa picha zake. Kila ubao alimpa mtu aliyekuwamo ndani yake. Muuza maandazi alipewa mgongo wake, fundi cherehani akapewa tope lake, hata yule kijana wa kijiweni alipewa taa za maroli. Yeye aliondoka na ngazi, na burashi zake alizozifunga kwenye kitenge. Nilimuuliza kama hatajutia, mtu aliyeishi kwa kuchora barabara kwenda mahali ambako barabara ni moja. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema. "Hapa nimeshajua kuona, kaka. Nataka nijue kama ni mimi ninayeona, au ni mtaa uliokuwa unanionyesha."

Hilo ndilo lililokuwa mezani, na naomba msomaji alishike hadi mwisho. Mtu alikuwa ameweka rehani kitu pekee alichokuwa nacho, jicho lake, ili ajue kama ni lake kweli.

Miezi ya kwanza habari hazikuwa nzuri. Alinipigia simu akisema huku hakuna kitu. Alilima viazi, na matuta yake yalipinda kiasi kwamba majirani walimuuliza kama analima au anachora. Kilichomkera zaidi ni ukungu. Wasomaji wa Mufindi wanaujua: asubuhi unafungua mlango, dunia imefutwa. Hakuna mlima, hakuna msitu wa misonobari, hakuna nyumba ya jirani, ni weupe tu hadi saa nne. Yeye aliyezoea kuamka akapambana na wingi wa vitu, alikaa mbele ya weupe ule na burashi kavu. Lakini hakuacha kutoa kiti nje. Ilikuwa ile ile tabia ya kukaa ng'ambo ya duka la mteja. Halafu siku moja sauti yake kwenye simu ilibadilika. Alikuwa amegundua kwamba vitu haviondoki kwenye ukungu, vinakuja. Kwanza paa la jirani, kisha mti, kisha mtu mwenye jembe, kimoja kimoja, kama wageni wa harusi, na kila kimoja unakipokea peke yake. Mjini, alisema, kazi yake ilikuwa kupunguza. Huku kazi yake ni kungoja. Tangu siku hiyo hakuniambia tena kwamba hakuna kitu.

Sasa nafika kwenye ukuta. Kanisa la kijiji lilikuwa limeezekwa, na nyuma ya madhabahu palibaki ukuta mkubwa mtupu. Wazee wakasikia kwamba miongoni mwao yupo mchoraji aliyekuwa maarufu Mbeya kwa kuchora mitaa ya mjini. Hesabu yao ilikuwa rahisi: anayejua mji ndiye atuchoree mji wa mbinguni. Akakubali. Alitundika turubai, akafanya kazi nyuma yake tangu viazi vinapandwa hadi vinachimbwa, na hakumruhusu mtu kuchungulia. Wazee, kwa muda wote huo, walikuwa wakijenga mji wao vichwani: ghorofa za dhahabu, malango ya vito, labda na taa. Turubai liliposhushwa mbele ya kamati walikuta ukungu. Ukungu mweupe ukuta mzima, umefunguka katikati, na ndani ya uwazi huo barabara nyekundu, ya udongo wa kwao, inayopanda kilima. Juu mwisho wa barabara palikuwa na mwanga, na si kitu kingine. Barabarani walikuwa watu wengi wakipanda, wote wametupa mgongo, kila mmoja na alichobeba: kuku kwapani, debe la maharage kichwani, jembe begani, mtoto mgongoni. Mwenyekiti, yule fundi mwashi, alitazama kwa muda mrefu, kisha akatoa hukumu ambayo kijiji kiliirudia kwa mwezi mzima. "Tuliomba mji," alisema, "mama ametupa barabara." Mzee mwingine alisogea karibu na ukuta akaonyesha mtu mmoja aliyeshika dumu la njano. Akauliza kama inawezekana mtu akaingia mji mtakatifu na ulanzi, pombe ya mianzi. "Mimi nimechora dumu," marehemu alimjibu. "Kilichomo ndani unakijua wewe."

Kicheko hakikumsaidia. Kamati iliamua ukuta upakwe rangi nyeupe, na mji ulio sawasawa uchapishwe kwa mashine Mafinga, kwenye plastiki, utundikwe pale kabla mkuu wa jimbo hajaja kuweka kanisa wakfu. Hapo ndipo aliponipigia simu. Alisema niende Jumapili ya mavuno niuone, kwa sababu Jumatatu wanaufunika. Nilimuuliza kama amewapinga. Alisema ukuta ni wao. Nilikumbuka siku aliyopigilia bango juu ya sahani yake ya wali. Niliona kwamba mashine ilikuwa imemfuata hadi nyumbani kwa mama yake.

Nilipanda basi Jumamosi, nikashuka Nyololo, nikachukua pikipiki hadi kijijini. Jumapili asubuhi niliingia kanisani kabla ya watu, kwa kuwa nilitaka kuutazama ukuta peke yangu. Mimi ni mtu niliyejisomea mwenyewe. Sikufundishwa na mtu namna ya kusema juu ya picha, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Niliona kwamba sikuweza kubaki nimesimama pale nilipo. Picha ilinitaka nisogee, nijiunge na wale watu, nijue kule juu kuna nini. Kisha watu wakaanza kuingia, na nikaona jambo la pili. Hawakutazama mwanga. Walikuwa wananong'onezana na kuonyeshana migongo. Na mbele ya madhabahu, kando kidogo, niliona ndoo ya rangi, mpya, haijafunguliwa. Mwenyekiti alikuwa ameileta jana yake, na kwa kuwa stoo ilijaa mahindi, aliiweka ndani ili fundi rangi aikute Jumatatu.

Kwa msomaji asiyejua desturi ya kule: Jumapili ya mavuno watu hawatoi fedha tu. Huleta mahindi, maharage, viazi, mayai, kuku, wanavipanga mbele, mchungaji anaviombea, kisha baada ya ibada vinatolewa nje na kunadiwa. Na mnada huo una utamu wake. Ukinunua kitu unaweza kusema "narudisha," nacho kikauzwa tena, na tena, hata yai moja likafika bei ya mbuzi. Siku ile sadaka zilikuwa nyingi. Magunia yalizunguka ile ndoo, vikapu vikaegemea, jogoo mmoja akafungwa kwenye mshikio wa ndoo. Mchungaji akanyoosha mikono akaombea vyote. Ibada ilipokwisha, akina mama wakabeba kila kilichokuwa mbele na kukitoa nje, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyofanyika siku zote, na hakuna aliyewahi kuona mbele ya madhabahu, Jumapili ya mavuno, kitu ambacho si sadaka.

Dalali wa siku hiyo alikuwa mtu mcheshi, muuza mbuzi magulioni. Aliuza kuku, akauza mahindi, kisha akainua ile ndoo bila hata kuisoma, akatangaza rangi nyeupe, lita ishirini, haijaguswa. Mwenyekiti aliruka kutoka kwenye benchi akisema hiyo si sadaka, ni mali ya kamati. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye majani, miguu ameinyoosha, akauliza kwa sauti ya kutaka kujua tu, "Imeombewa au haijaombewa?" Watu wote wakamgeukia mchungaji. Nilimwona akijitahidi kuzuia tabasamu. Alisema aliombea vyote vilivyokuwa mbele, na hakuchagua. Dalali akasema basi imekwisha, kilichoombewa hakirudi stoo. Mwenyekiti akavuta pumzi, akataja bei ya kwanza mwenyewe, akidhani ataichukua ndoo yake na mambo yaishe.

Hayakuisha. Yule bibi aliongeza bei kutoka pale pale chini. Mwenyekiti akaongeza, bibi akaongeza, na dalali akamtania akamuuliza nyumba yake ya matofali mabichi anataka kuipaka nyeupe kwa ajili ya mchumba gani. Watu wakacheka. Bibi akangoja kicheko kipite, halafu akasema, na hakusema kwa nguvu:

"Mume wangu yuko mle ndani ukutani. Kashika jembe kwa nyuma vile vile alivyokuwa akishika. Mwaka wa nne huu sijamwona. Mnataka Jumatatu apakwe chokaa?"

Mwenyekiti hakuongeza bei. Bibi alipewa ndoo, akaweka mkono juu ya mfuniko wake, akasema, "Narudisha. Iuzwe tena." Na kuanzia hapo sikuweza kufuatilia vizuri. Mwalimu mmoja akainunua akairudisha, kwa sababu alikuwa amemwona mama yake aliyefariki, na kitenge alichokifunga upande kama alivyozoea. Kijana akainunua akairudisha kwa ajili ya dumu la njano, akisema babu yake hakuwa mtakatifu lakini barabara hiyo aliipanda kila Jumapili. Kwaya ikachanga ikainunua ikairudisha huku ikiimba. Sikujua mpaka saa ile kwamba alichokuwa amekichora kule nyuma ya turubai ni kijiji kizima, wazima na waliokufa aliowajua tangu utotoni, bila kuweka pua wala jicho la mtu hata mmoja, na kwamba kila mtu alikuwa ameshawapata watu wake.

Ndipo mtu mmoja akamwambia mwenyekiti, nusu kwa utani, "Na wewe upo. Wa mwisho kabisa, na pima maji mkononi. Unataka kujifuta mwenyewe?" Mwenyekiti alivua kofia, akaingia kanisani peke yake. Sisi tulibaki nje na ile ndoo. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, kofia bado iko mkononi, alitaja bei kubwa kuliko zote za siku ile, na hakuna aliyempinga. Akasema, "Pima maji ameniwekea mkono wa kushoto. Mimi ni mashoto. Hakuna aliyemwambia." Kisha akajikaza, akawa fundi tena. "Narudisha. Lakini atakayeinunua mwisho ajue neno moja. Rangi hii ni nzuri, haifai kukaa bure. Ipakwe nje."

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilifika Igowole. Marehemu alikuwa amesimama muda wote huo nyuma ya watu, karibu na ngazi za mlango. Sasa akanyoosha mkono, akataja bei yake, bei ya mkulima wa viazi vya matuta yaliyopinda. Dalali akatazama kulia, akatazama kushoto, akasubiri. Hakuna aliyeongeza. Watu walimwachia. Na Jumatatu, siku ambayo ukuta wake ulipaswa kufutwa, mimi nilimwona kwa macho yangu amepanda ngazi ile ile ya Mwanjelwa, anapaka kuta za nje nyeupe, na mwenyekiti ameishika ngazi chini, anamwelekeza mahali alipoacha doa. Yeye akamwambia, "Mzee, wewe shika ngazi. Macho niachie mimi."

Jumamosi iliyopita tulimzika. Nilifika mapema kama nilivyoagizwa, na hata hivyo sikupata nafasi ndani. Jeneza lilipotolewa nilijikuta nyuma ya watu wote. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Njia ya kwenda makaburini inapanda, ni nyekundu, na watu walikuwa wakiipanda taratibu wakiingia kwenye ule weupe, kila mmoja na mgongo wake: bibi yule na fimbo, mwalimu, kijana wa dumu, na mwenyekiti ameinamisha bega la kushoto. Nilikuwa nimejiuliza kwa miaka kwa nini yeye mwenyewe hakujichora kwenye ule ukuta. Pale ndipo nilipopata jibu, na ni jibu rahisi. Anayeona migongo ya watu ni yule anayekuja nyuma yao, kwenye barabara hiyo hiyo. Alikuwamo tangu mwanzo.

Tulimwona akiondoka mjini tukasema ameshindwa. Tunaishi katika nchi ambayo vijana wengi wanaamini kwamba uwezo wao umefungwa mahali, kwamba nje ya mji fulani watakuwa si kitu, na wazazi wao wanawaunga mkono. Marehemu alilipima jambo hilo kwa maisha yake, hakulijadili. Alikwenda mahali ambapo asubuhi hakuna kitu cha kuona, akatoa kiti nje, akangoja, na jicho likathibitika kuwa ni lake. Mwenye kazi yake moyoni hahami bila kazi hiyo. Hili ndilo ninaloliacha kwa msomaji anayefunga mizigo, awe anaingia mjini au anatoka.

Tulipokuwa tunanawa mikono baada ya maziko, mwenyekiti alinionyesha madirisha ya kanisa. Yana vioo sasa, na asubuhi ukungu ukiondoka mwanga unaingia moja kwa moja hadi juu ya ile barabara, mahali ambapo sisi wengine tulikuwa tukidhani angepaswa kuchora mji. Aliniambia vioo hivyo vyote vilitokana na ndoo ile moja, aliyoinunua yeye ili kumfuta mtu. Nilimuuliza iliingiza kiasi gani siku ile. Hakuhitaji kufikiri. Alikung'uta maji mikononi, akaniambia: shilingi laki sita na elfu arobaini.